Emulsifaya na bakteria: barua ya wazi kwa wanaoandika viwango vya chakula Afrika Mashariki

Kwa wajumbe wa Kamati ya Viwango ya Afrika Mashariki na mashirika ya viwango ya nchi wanachama.



Emulsifaya ni kiambato kinachofanya mafuta na maji yakae pamoja bila kutengana. Molekuli yake ina pande mbili, mmoja unapenda maji na mwingine unapenda mafuta. Mchanganyiko ukikorogwa kwa nguvu, molekuli hizo hujipanga kuzunguka kila tone la mafuta, na matone hayaungani tena. Kwenye mayonezi kazi hiyo hufanywa na lesithini ya kiini cha yai. Tui la nazi nalo ni emulsheni, iliyoshikiliwa na protini za nazi yenyewe. Ushikizi wake ni dhaifu, ndiyo maana tui la kwanza likiachwa kwenye bakuli kwa saa chache, mafuta hupanda juu na maji hubaki chini. Tui la pakiti halitengani upesi hivyo, kwa kuwa mara nyingi limetiwa polisobeti 60, gundi ya guari au kaboksimethili selulosi, ambayo kwa kifupi huandikwa CMC.

Bidhaa za kawaida za dukani zimejaa emulsifaya. Mkate wa kiwandani huwa na E471, yaani monogliseridi na digliseridi za asidi za mafuta, na mara nyingi E472e au E481 za kuimarisha donge. Majarini ina E471 na lesithini (E322). Chokoleti ina lesithini, na nyingine huongezwa E476. Aiskrimu huchanganya E471, gundi ya guari (E412) na karajinani (E407) inayotokana na mwani. Polisobeti 80 ni E433, CMC ni E466, gundi ya zanthani ni E415. Baadhi ya hizi kitaalamu ni vizitishaji au viimarishaji, lakini ndani ya chakula hufanya kazi bega kwa bega na emulsifaya halisi, na barua hii inazijumuisha.

Usalama wa viongezwa hivi duniani hupimwa na kamati ya pamoja ya FAO na WHO iliyoanza kazi mwaka 1956, na matokeo yake huingia katika Codex Alimentarius, ambayo viwango vya Afrika Mashariki vinaiegemea. Kamati hiyo huuliza kama kiongezwa kina sumu, kama kinaleta saratani, kama kinadhuru mimba. Kwa polisobeti ilifikia kikomo cha miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa CMC haikuona haja ya kuweka kikomo cha namba. Utaratibu huo umewalinda walaji wengi na hakuna sababu ya kuudharau. Hata hivyo, uliundwa kabla ya watu kufahamu vyema kwamba mlaji hali peke yake. Kuna bakteria ndani ya chakula, kuna bakteria kwenye mitambo ya kiwanda, na kuna bakteria matrilioni katika utumbo, na emulsifaya hukutana na wote hao. Inachowafanyia hakifanani kutoka emulsifaya moja hadi nyingine, wala kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na kiwango kinachoziweka zote katika kapu moja kinaacha mambo makubwa bila ulinzi.

Maabara zimelijua jambo hili kwa miongo mingi. Mwaka 1960 watafiti de Man, Rogosa na Sharpe walichapisha fomula ya mchuzi wa kuoteshea bakteria wanaogandisha maziwa. Mchuzi huo, uitwao MRS kwa herufi za majina yao, bado unatumika katika maabara za maziwa kote duniani, na kila lita moja ina takriban gramu 1 ya polisobeti 80. Haikutiwa humo ili kuchanganya mafuta na maji. Ilitiwa iwalishe bakteria. Bakteria huikata, huchukua asidi ya oleiki iliyomo na kuijenga kwenye viwambo vya seli zao. Lactobacillus aliyeoteshwa kwenye polisobeti 80 huwa na kiwambo tofauti, na huvumilia ukali wa asidi ya tumbo vizuri zaidi kuliko aliyenyimwa. Kwa mtengenezaji wa mtindi hiyo ni habari njema. Lakini vimeng'enya vya kukata molekuli za namna hiyo havimilikiwi na bakteria wema peke yao. Pseudomonas na Staphylococcus nao wanavyo.

Jaribio linaloonyesha mambo haya kwa uwazi kuliko yote lilifanywa katikati ya miaka ya 1940 katika Taasisi ya Rockefeller, New York, na René Dubos akiwa na mwenzake Bernard Davis. Walikuwa wakitafuta njia ya kuotesha bakteria wa kifua kikuu kwenye mchuzi. Bakteria huyo ana ganda la nta, na akiwekwa kwenye chupa ya mchuzi hapendi kuzama. Hukua taratibu kwa majuma, akifanya utando mnene wenye mikunjo juu ya mchuzi, huku chini kukibaki maji meupe. Utando wa namna hiyo haupimiki wala haugawanyiki sawasawa kwa majaribio ya dawa. Dubos na Davis wakatia polisobeti 80. Mikunjo ikatoweka, bakteria wakasambaa kwenye mchuzi wote, na wakakua haraka zaidi. Ndipo tatizo jipya likajitokeza, kwa kuwa polisobeti ilipovunjika ilitoa asidi ya oleiki, na asidi hiyo ikiwa huru iliwazuia bakteria walewale kukua. Wakaongeza albumini, protini ya damu, ikaifunga asidi hiyo, na asidi iliyokuwa sumu ikageuka kuwa chakula.

Ndani ya chupa moja, emulsifaya moja ilizuia utando, ilidhuru na ililisha. Kilichoamua ni kiasi chake, kile ilichovunjika kuwa, na kitu kingine kilichokuwa kwenye mchuzi. Yeyote anayetaka kuandika kwamba emulsifaya fulani haina athari kwa bakteria anapaswa kwanza kuonyesha kwamba alipima hali zote hizo.

Zipo emulsifaya zinazoua waziwazi. Monolaurini ni muungano wa gliseroli na asidi ya lauriki, asidi ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi. Hutoboa viwambo vya bakteria wa kundi la Gram chanya, akiwemo Listeria monocytogenes na Staphylococcus aureus, na hata kwa kiasi kisichotosha kumuua Staphylococcus humzuia kutengeneza sumu zake. Kwa bakteria wa Gram hasi, kama E. coli na Salmonella, haina nguvu hiyo, kwa sababu wana kiwambo cha pili cha nje kinachoizuia kupita, isipokuwa kiwambo hicho kikidhoofishwa kwanza. Kwenye lebo, monolaurini na monogliseridi ya asidi ya steariki, ambayo haina ukali huo, zinaweza zote kuandikwa E471. Mkaguzi anayesoma namba hiyo hajui kama anaangalia kitu kinachopambana na Listeria au kitu kisichomgusa, na hata mwenye kiwanda kidogo aliyenunua gunia la E471 kwa wakala huenda hajui.

Njia nyingine ya emulsifaya kudhibiti ukuaji ni nafasi. Katika siagi na majarini ya kawaida maji yametawanyika katika matone madogo sana ndani ya mafuta. Bakteria aliyenaswa katika tone lenye upana wa mikromita chache tu, naye mwenyewe akiwa na urefu wa mikromita moja au mbili, humaliza chakula mapema na chumvi humbana. Emulsheni ikilegea na matone yakaungana, bakteria hupata uwanja. Majarini yenye mafuta kidogo, ambamo maji yanaweza kuzidi nusu ya uzito, ndiyo iliyo katika hatari kubwa zaidi, na huko vihifadhi haviepukiki.

Vihifadhi navyo havifanyi kazi peke yake. Asidi ya benzoiki na ya sobiki huzuia kuvu na bakteria kukua zikiwa katika umbo lisilo na chaji, na umbo hilohilo ndilo linalopenda mafuta. Katika emulsheni sehemu ya kihifadhi huhamia kwenye matone ya mafuta, nyingine hunaswa na mafungu ya molekuli za emulsifaya, na kile kinachobaki majini, mahali bakteria wanapoishi, ni pungufu ya kile kilichopimwa kwenye mizani. Polisobeti zinajulikana hasa kwa kunasa parabeni, kundi jingine la vihifadhi. Kwa hiyo bidhaa mbili zenye kihifadhi sawasawa, moja yenye lesithini na nyingine yenye polisobeti, zinaweza kuwa na ulinzi tofauti kabisa, na kipimo cha kemia kitazipa zote alama sawa. Jibu la kweli hupatikana kwa kuipandikiza bidhaa yenyewe bakteria waliochaguliwa na kuwahesabu kwa muda wote ambao bidhaa inadai itadumu.

Suala zito zaidi kwa viwanda ni utando, yaani biofilamu. Bakteria aliye huru majini akigusa chuma, plastiki au raba hushikamana nayo na kugawanyika, kisha kundi zima hutoa ute wa sukari ndefu, protini na DNA unaowagandisha pamoja. Ndani ya ute huo dawa hupenya kwa shida, na bakteria wengi hukua polepole kiasi kwamba dawa zinazolenga seli zinazokua haziwapati. Kwenye kiwanda cha maziwa utando haukai mahali jicho linapofika. Hukaa chini ya raba inayoziba maungio ya bomba, kwenye tawi la bomba lisilopitisha maziwa, na kwenye mikwaruzo iliyoachwa na brashi ya waya ndani ya tangi. Fundi akifungua ungio na kupitisha kidole pale raba ilipokaa, utelezi anaougusa mara nyingi ndio utando wenyewe. Kila maziwa yanayopita hapo huchukua bakteria wachache, na bidhaa iliyotoka salama kwenye mtambo wa kuchemshia huchafuliwa baada ya kuchemshwa.

Afrika Kusini inajua gharama yake. Kati ya Januari 2017 na Julai 2018 watu 1,060 walithibitishwa kuugua listeriosisi, na 216 walifariki. Chanzo kilipatikana kwenye poloni, nyama iliyosagwa na kupikwa ndani ya ganda kama soseji, kutoka kiwanda kimoja. Mkasa huo haukuhusishwa na emulsifaya. Umetajwa hapa kwa sababu unaonyesha kinachotokea Listeria akipata makao ndani ya kiwanda na usafi usimfikie.

Emulsifaya inaweza kusaidia katika vita hivi. Mwaka 2009 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba polisobeti 80 humzuia Pseudomonas aeruginosa kufanya utando, hata pale isipomzuia kukua. Hufunika uso na kubadilisha mvutano wake, bakteria akakosa pa kushika. Lakini watafiti haohao waligundua kwamba bakteria huyo ana kimeng'enya cha kukata mafuta, LipA, kinachoivunja polisobeti, na bakteria waliotengeneza kimeng'enya hicho kwa wingi waliendelea kujenga utando kana kwamba hakuna kilichowekwa. Kinga inayoweza kuliwa na adui haifai kutegemewa kwa muda mrefu.

Bakteria wenyewe ni mafundi wa emulsifaya. Pseudomonas aeruginosa hutengeneza ramnolipidi, ambazo huacha njia za maji wazi ndani ya utando wake ili chakula kipite na uchafu utoke. Bacillus subtilis hutengeneza safaktini. Gundi ya zanthani inayozitisha sosi za chupa ni ute wa Xanthomonas campestris, bakteria anayeozesha kabichi na kuacha mishipa ya majani ikiwa myeusi. Kiwanda humlea kwenye matangi, hukusanya ute wake, huukausha na kuusaga. Zanthani iliyosafishwa vizuri haimdhuru mlaji kwa sababu ya asili yake, ila asili hiyo inakumbusha kwamba vitu hivi si vigeni kwa bakteria. Wana uzoefu navyo uliotangulia viwanda kwa mamilioni ya miaka.

Jambo linalostahili kuwatia wakaguzi wasiwasi kuliko yote kiwandani ni hili linalofuata. Mpimaji anapopangusa uso wa tangi kwa pamba ili kutafuta bakteria, pamba huchukua pia mabaki ya dawa ya kuua vijidudu. Yasipozimwa, dawa itaendelea kuua bakteria ndani ya chupa ya sampuli, na maabara itatoa jibu la uongo kwamba tangi ni safi. Kwa sababu hiyo chupa hizo hutiwa kizimadawa, na vizimadawa vinavyotumika sana dhidi ya dawa za amonia ya kwotenari ni lesithini na polisobeti 80. Emulsifaya hizo au za jamii yake hupatikana pia kwenye aiskrimu na tui la pakiti. Mabaki yake yakiachwa kwenye raba na maungio ya bomba, yanaweza kuizima dawa ndani ya kiwanda kama yanavyoizima ndani ya chupa ya sampuli. Dawa iliyofaulu majaribio kwenye bamba safi la chuma inaweza kushindwa kwenye bomba lililopitisha mchanganyiko wa aiskrimu na kusuuzwa haraka. Sabuni ya kiwanda na maji ya moto vikipita kwanza kwa muda wa kutosha, tatizo hupungua sana. Mtambo usiofunguliwa na kuoshwa kwa mikono pale maji yasipofika hubaki na tatizo lake.

Baada ya kiwanda huja utumbo. Utumbo mpana umefunikwa na ute wa tabaka mbili. La nje limejaa bakteria, na la ndani, linalogusa seli za mwili, kwa kawaida halina. Mwaka 2010 kundi la watafiti wa Liverpool lilionyesha kwamba polisobeti 80, hata kwa asilimia 0.01, iliongeza mara nyingi kupenya kwa E. coli waliochukuliwa kwa wagonjwa wa Crohn (ugonjwa wa uvimbe wa utumbo) kupitia seli za utumbo zilizooteshwa maabara. Katika utafiti huohuo nyuzinyuzi zinazoyeyuka za ndizi za aina ya mkono wa tembo, zile kubwa za kupika, zilipunguza upenyaji huo. Walaji wa ndizi hizo wa Pwani na nyanda za juu wana sababu ya kuufurahia utafiti huo, ingawa matokeo ya ndizi za aina hiyo hayawezi kuhamishiwa tu kwenye ndizi nyingine.

Mwaka 2015 Benoit Chassaing na Andrew Gewirtz wa Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta, walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliobadilisha mjadala. Panya waliokunywa maji yenye asilimia 1 ya CMC au polisobeti 80 kwa majuma 12 walionekana kuwa na bakteria waliosogea ndani ya ute hadi karibu na seli za mwili. Walinenepa, sukari yao ikapanda, na utumbo wao ukawa na uvimbe mdogo wa kudumu. Panya waliozaliwa na udhaifu wa kinga walipata vidonda vya utumbo mara nyingi zaidi. Panya waliolelewa bila bakteria wowote hawakupata madhara hayo, na hapo ndipo ulipo uzito wa utafiti huo. Kwa panya hao, emulsifaya iliwadhuru kwa kupitia bakteria wao. Jaribio la sumu lisiloangalia bakteria lisingeliona hilo.

Kazi iliyofuata mwaka 2017, kwa kutumia mtambo unaoiga utumbo wa binadamu, ilionyesha kwamba CMC huwafanya bakteria wazidishe haraka flajelini, protini ya mikia wanayoogelea nayo. Bakteria mwenye mkia husafiri ndani ya ute, na flajelini yenyewe huamsha kinga ya mwili. Polisobeti 80 ilichukua muda zaidi, kwa kubadilisha ni bakteria gani wanaotawala.

Kwa binadamu, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 liliwaweka watu 16 wenye afya kwenye mlo uliodhibitiwa kwa siku 11, na baadhi yao walipewa gramu 15 za CMC kila siku. Waliopewa CMC walipungukiwa na aina mbalimbali za bakteria na asidi fupi za mafuta ambazo hulisha seli za utumbo, na walilalamika zaidi kuumwa tumbo baada ya kula. Kwa wawili kati yao bakteria walikuwa wamesogea ndani ya ute. Gramu 15 ni nyingi kuliko anazokula mtu wa kawaida, siku 11 ni chache, na watu 16 hawatoshi kuamulia sheria. Wanatosha kuamulia kwamba swali liulizwe rasmi.

Mwaka huohuo watafiti wa Paris walipima emulsifaya 20 dhidi ya bakteria wa binadamu. Lesithini ya soya na monogliseridi na digliseridi hazikubadilisha sana jamii ya bakteria. Karajinani na gundi kadhaa ziliibadilisha kwa namna inayotarajiwa kuchochea uvimbe. Matokeo hayo ni muhimu kwa mwandishi wa viwango kuliko onyo la jumla dhidi ya emulsifaya zote. Yanaonyesha kwamba viwanda vina uchaguzi, na kwamba kumtisha mlaji kuhusu mkate wenye E471 kama anavyotahadharishwa kuhusu CMC si haki wala si sayansi.

Karajinani inaigusa Afrika Mashariki kwa karibu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani upande wa mashariki. Maji yakitoka, wakulima, wengi wao wanawake, hufunga vishada vya mwani kwenye kamba zilizonyoshwa kati ya vijiti, na siku za bamvua huvuna na kupanda upya kabla maji hayajarudi. Mwani wa aina ya spinosamu hutoa karajinani ya ayota. Mwani wa aina ya kotonii hutoa kapa, yenye bei nzuri zaidi, lakini haivumilii maji yanayozidi joto, na kila joto la bahari linapopanda wakulima wake hupata hasara. Mwani mkavu kwa sehemu kubwa husafirishwa ukiwa malighafi, karajinani hukamuliwa nje ya nchi, kisha hurudi ndani ya aiskrimu na maziwa ya ladha kama E407.

Karajinani ya chakula haipaswi kuchanganywa na ile iliyovunjwavunjwa kwa asidi, iitwayo poligeenani, ambayo hutumika maabara kuwasababishia wanyama vidonda vya utumbo. Umoja wa Ulaya umeweka mpaka kwa kutaka sehemu ya karajinani yenye uzito wa molekuli chini ya daltoni 50,000 isizidi asilimia 5. Kwa eneo linalolima mwani na kula E407, uwezo wa kupima namba hiyo ungepaswa kuwepo hapahapa. Maabara ya namna hiyo ingemlinda mtoto anayekula aiskrimu Mombasa au Mwanza, na ingempa mkulima wa Jambiani hoja ya ubora mbele ya mnunuzi. Anayedhani kwamba kuuliza maswali kuhusu karajinani ni kuwahujumu wakulima hao anakosea. Watakaoumia ni wao, siku soko la nje litakapouliza maswali hayo na Afrika Mashariki isiwe na takwimu zake yenyewe.

Yanayoombwa kwa Kamati yanatokana na yaliyoelezwa. Bidhaa yoyote ya emulsheni yenye maji mengi, kama majarini ya mafuta kidogo, sosi, tui la pakiti na maziwa ya ladha, isipewe muda wa kudumu bila kuonyesha jaribio la kupandikiza bakteria ndani ya fomula yake halisi. Mtengenezaji akibadilisha emulsifaya, jaribio lirudiwe, hata kama kihifadhi hakikubadilika. Dawa za kusafishia viwanda zipimwe kukiwa na mabaki ya bidhaa, na ukaguzi uingie kwenye maungio na raba badala ya kuishia kwenye uso wa tangi unaong'aa. Lebo ya E471 itaje asidi kuu ya mafuta iliyotumika. Jina la emulsifaya liandikwe kwa Kiswahili pamoja na namba, na kiasi kitajwe kwa zile zinazojulikana kubadilisha bakteria wa utumbo, yaani CMC, polisobeti na karajinani.

La dharura zaidi ni watoto. Kiwango cha Codex cha maziwa ya watoto wachanga kinabana emulsifaya kwa ukali. Lesithini isizidi gramu 0.5, na monogliseridi na digliseridi gramu 0.4, katika mililita 100 za maziwa yaliyo tayari kunywewa. Polisobeti haimo katika orodha yake. Lakini mtoto wa miaka miwili aliyeachishwa maziwa hayo hunywa maziwa ya ladha na hula aiskrimu iliyotengenezwa kwa kanuni za watu wazima, ilhali bakteria wa utumbo wake bado wanajijenga. Kamati inaombwa kupanua ukali huo hadi kwenye bidhaa zote zinazotangazwa kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, na kulifanya hilo katika mapitio ya kwanza ya viwango yatakayofuata, bila kusubiri mengine yote yakamilike.